Neno la Mungu na Kikao cha Ukoo



Tangu Papa Fransisko alipotoa barua yake ya tarehe 30 Septemba 2019, Kanisa lote huadhimisha Dominika ya Tatu ya Kipindi cha Kawaida kuwa Dominika ya Neno la Mungu. Katika parokia zetu siku hiyo ni ya furaha kweli kweli. Biblia huingizwa kanisani kwa maandamano, akina mama wa WAWATA huipigia vigelegele, watoto huicheza, padre huifukizia ubani na kuinyanyua ili waamini wote waione. Mgogo hajui kumpokea mgeni mkubwa bila ngoma, na ni haki iwe hivyo. Lakini mgeni akishapokewa huketishwa, huulizwa habari, na neno lake husikilizwa. Nia ya makala haya ni kuuliza kama hatua hiyo ya pili tunaifikia. Nitauliza juu ya mahali pamoja tu ambapo, kwa maoni yangu, Neno la Mungu huachwa nje mlangoni: ni kile kikao cha ukoo kinachoketi baada ya mazishi ili kuamua mali ya marehemu itakwenda wapi.

Yamkini wengine watashangaa. Wamezoea kusikia ukweli wa Biblia ukijadiliwa kwa mambo mengine: siku sita za uumbaji, Yona tumboni mwa samaki, Sabato iangukie siku gani. Hayo ndiyo maswali wanayorudi nayo vijana wetu kutoka mikutano ya hadhara, nao wanastahili kujibiwa kwa heshima. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, ulikwisha kutupatia njia. Waandishi watakatifu waliandika kwa namna za watu wa nyakati zao: huyu kwa shairi, yule kwa mfano, mwingine kwa kumbukumbu za koo na za wafalme, na msomaji hana budi kutambua anasoma nini. Mzee akianza kusimulia habari za sungura na fisi, hakuna mtoto anayeinuka kumwuliza fisi yule alizaliwa mwaka gani. Mtoto anajua kwamba ni hadithi, na anajua pia kwamba mzee hadanganyi.

Hati hiyo hiyo inaeleza kwamba Maandiko hayakosei katika kutupatia ukweli ambao Mungu alikusudia kwa ajili ya wokovu wetu. Yafaa tulitafakari neno hilo wokovu. Wengi wetu tukilisikia twaangalia juu mbinguni. Lakini katika Biblia nzima, kuanzia kilio cha watumwa wa Misri, Mungu akiokoa huanza na jambo lililo chini: mkate, mgongo uliopigwa, shamba, mtoto. Kwa hiyo ukweli wa Maandiko unaweza kupimwa mahali ambapo mtu anaponyang'anywa kitu chake.

Nabii Isaya, katika sura ya 55, anafananisha Neno la Mungu na mvua. Sisi wa nyanda hizi kavu tunaielewa lugha hiyo kuliko watu wengi, kwa maana tuna msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka ukienda vibaya hatupewi mwingine. Hapa hakuna anayeisifu mvua kwa sababu ya ngurumo zake. Husubiri kwanza aone uwele umebeba nini, na kihenge kimejaa kiasi gani.

Basi, kabla hatujafika katika kikao, niseme juu ya desturi mbili ambazo huonekana kama heshima kwa Biblia, na kumbe zinaiondolea nguvu.

Ya kwanza ni kuifanya hirizi. Inalazwa chini ya mto wa mtoto mgonjwa, inafunguliwa kwenye Zaburi na kuwekwa dirishani ili wachawi wasipite, inabebwa garini isisomwe kamwe. Mama anayefanya hivyo simcheki, maana hofu yake ni ya kweli na mtoto wake anaumwa kweli. Lakini kitabu kisichofunguliwa hakiwezi kumwambia mwenye nyumba neno lolote asilolipenda, na pengine ndiyo sababu tunakipenda kikiwa kimefungwa. Wapo hata wanaokishika mkononi mahakamani, wakaapa, kisha wakasema uongo juu ya mpaka wa shamba la jirani, huku wakiamini kwamba kitabu kile kitawalinda.

Ya pili ni kuokota mstari mmoja na kuutumia kama rungu. Hapa tukumbuke jangwani, katika Injili ya Mathayo sura ya 4. Shetani alipomjaribu Bwana juu ya mnara wa Hekalu alitumia Zaburi ya 91, na aliitaja sawasawa. Yesu hakumjibu kwamba amekosea kunukuu. Alimjibu kwa Andiko jingine. Aya ikitengwa na aya nyingine, na ikishikwa na mtu asiyekubali kusahihishwa na Kanisa wala na mtu yeyote, inaweza kuua. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la sala. Kundi lao lilijipa jina la kurudisha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake wakuu walitoka katika Kanisa letu Katoliki, na mmoja wao alikuwa padre, aliyepitia seminari kama tulivyopitia sisi. Mwaka 2023 huko Shakahola, pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa wapate kumwona Yesu. Nguvu ya Maandiko si jambo la kuchezea.

Sasa tuingie katika kikao.

Marehemu amezikwa. Jumuiya Ndogo Ndogo imefanya kazi yake vizuri mno: imechanga, imepika, imekesha, imesali rozari usiku wote, imesoma Injili ya Lazaro. Katekista amewafariji wafiwa. Kisha matanga yanaondolewa, wageni wanaaga, na wanaume wa ukoo wanavuta viti chini ya mti. Mjane yupo jikoni na mabinti zake. Ataitwa baadaye, akaambiwe yaliyoamuliwa. Baba wadogo wa marehemu wanazungumza, kaka zake wanazungumza, na mwisho unaandikwa muhtasari. Watu wa mjini wanaijua karatasi hiyo: ndiyo inayopelekwa Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Na nani anauandika? Mara nyingi ni yule ndugu mwenye mwandiko mzuri na lugha iliyonyoka, ambaye ni katibu wa jumuiya, au mjumbe wa Halmashauri ya Walei, au msomaji wa masomo ya Dominika. Kalamu iliyoandika nia za Misa ya marehemu ndiyo inayoandika kwamba nyumba itakuwa chini ya shemeji, na mabinti watapata walichopata kwa kuolewa.

Simsemi mtu mmoja. Mambo hayo hutokea mahali pengi, na yeyote aliyekaa muda mrefu kwetu ameyaona. Hapa Ipagala yamezidi uzito kwa sababu ya ardhi. Penye nyumba leo palikuwa mashamba ya uwele na mtama. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulileta upimaji. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, kiwanja ambacho zamani ukoo haukukijali kimekuwa mali ya kupigania. Shemeji ambaye hakuonekana wakati wa ugonjwa huonekana wakati wa kikao.

Katika kikao cha namna hiyo, Biblia ikifunguliwa ingesema nini? Ingefunguliwa, ningependa iwe ni Kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi, nao Maandiko yanawataja mmoja mmoja, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, wanasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote, penye mlango wa Hema. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Wanauliza kwa nini jina la baba yao lipotee, na kwa nini wao wasipewe fungu pamoja na ndugu za baba. Tuangalie Musa anafanyaje. Yeye ndiye aliyepokea Sheria, na hakuna aliyeijua kuliko yeye. Angeweza kuwaambia kwamba desturi haiwatambui, warudi jikoni. Hakusema hivyo. Aliichukua kesi yao akaipeleka mbele za Mungu, na Mungu akajibu kwamba mabinti wale wanasema haki, wapewe. Kisha kutokana na malalamiko ya wanawake watano ikatolewa amri kwa Israeli yote.

Msomaji makini atanipinga kwa hoja mbili, nami namshukuru.

Hoja ya kwanza: katika sura ya 36 ya kitabu hicho hicho wazee wa ukoo wanarudi. Wanahofia kwamba mabinti wakiolewa kabila jingine ardhi itahama, na wanapewa sharti: mabinti waolewe ndani ya kabila la baba yao. Ni kweli, imeandikwa. Hofu ya wazee wale naifahamu, kwa sababu ni hofu ile ile ya wazee wetu. Lakini tusome hadi mwisho: hata hofu hiyo iliposikilizwa, urithi wa mabinti haukufutwa. Nchini kwetu swali hilo lilifika Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990. Mama mmoja Mhaya aliachiwa na baba yake shamba la ukoo kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda kushitaki kwamba mwanamke hana mamlaka hayo kwa mila. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kuuza anayoruhusiwa mwanamume inapingana na Katiba. Sijui kama Jaji alikuwa akiwawaza mabinti wa Selofehadi, lakini wao wangemwelewa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Katika orodha ya warithi ya Hesabu 27 wamo mabinti, wamo ndugu wa marehemu, wamo ndugu wa baba yake. Mjane hayumo. Mtu wa ukoo mwenye akili anaweza kuniambia: Padre, Biblia yako yenyewe imemwacha mjane nje, nasi tumeifuata. Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaookota mistari. Kanisa halisomi ukurasa mmoja likafunga kitabu. Linasoma yote pamoja, likielekea kwa Kristo, kwa sababu Mungu aliwalea watu wake hatua kwa hatua. Ukianzia pale katika Hesabu ukaendelea mbele, utamkuta Ruthu akiokota masuke, na shamba la Elimeleki, alilokuwa akiliuza Naomi, likikombolewa na mkombozi wa ukoo. Utamkuta Isaya, sura ya 10, akiwapigia kelele ya ole watu wanaoandika maandishi ya kuonea, hata wajane wakawa mateka yao. Nawaomba makatibu wa jumuiya waisome sura hiyo polepole. Nabii hawasemi wanyang'anyi wa barabarani. Anawasema waandishi, watu wenye kalamu. Kisha Waraka wa Yakobo unatuambia dini iliyo safi mbele za Mungu ni ipi, na mjane yumo ndani ya maelezo hayo pamoja na yatima.

Na Bwana wetu mwenyewe? Tunayo Injili ya yule mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la Hekalu, Marko sura ya 12. Hakuna Injili inayopendwa kuliko hiyo Dominika ya mavuno au ya kuchangia ujenzi. Inahubiriwa tutoe kama yeye. Lakini mistari michache kabla ya hapo Yesu anawakemea waandishi wanaopenda kusalimiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, huku wakizila nyumba za wajane na kusali sala ndefu. Halafu, mara moja, anatokea mjane aliyebakiwa na senti mbili. Marko ameyaweka mambo hayo mawili pamoja, na ni vigumu kuamini kwamba hakukusudia tuulize senti nyingine za mama huyu zilikwenda wapi. Injili hiyo husomwa Dominika ya 32 ya Mwaka B, na kitabu cha masomo kinaruhusu kusoma sehemu fupi, inayoanza na sanduku la sadaka na kuwaacha waandishi nje. Naomba wasomaji na mapadre wenzangu tusiitumie sehemu hiyo fupi. Tunaokoa dakika moja, tunapoteza nusu ya Injili.

Zamani Mkatoliki angeweza kujitetea kwamba hana kitabu. Agano Jipya kwa Kiswahili lilitolewa na Askofu Steere wa Zanzibar mwaka 1879, na Wagogo walikuwa na Agano Jipya kwa Cigogo kabla ya karne ile kwisha, kazi ya ndugu zetu wa CMS waliofika Mpwapwa mwaka 1876. Sisi tulikuwa na katekisimu na rozari. Mtaguso ukafungua mlango kwa kutaka waamini wote wayafikie Maandiko kwa wepesi, na katika miaka ya 1990 tukapata Biblia ya Habari Njema, waliyoshirikiana Wakatoliki na Waprotestanti. Leo karibu kila nyumba inayo. Jumuiya zetu zinajua kusoma Injili kwa hatua zake, mtu mmoja mmoja akitaja neno lililomgusa. Ni jambo zuri sana. Ila neno likishatugusa Alhamisi jioni, na Jumamosi tukaenda katika kikao tukanyamaza, hatuwezi kusema kwamba tumelipokea. Waraka kwa Waebrania unalifananisha Neno na upanga, na upanga huo haukuletwa ili ukate jirani tu.

Tena kuna jambo la kisheria ambalo viongozi wengi wa walei hawalifahamu, nalo linahusu imani yetu moja kwa moja. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, nasi tumo, zinampa mtoto wa kike daraja la mwisho katika urithi, na mjane hazimpi fungu. Anaachwa atunzwe na watoto wake. Upande mwingine ipo Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyorithi kwa wakoloni, ambayo mahakama zetu zimekuwa zikiitumia kwa mirathi ya Wakristo. Chini ya sheria hiyo mjane mwenye watoto hupata theluthi moja, na theluthi mbili hugawanywa kwa watoto sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume. Basi ipi itumike kwa Mkristo Mgogo? Mahakama huuliza marehemu aliishi vipi: aliendelea kuishi kwa mila, au maisha yake yalionyesha kwamba amezitoka? Katika shauri moja la mwaka 1969 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mirathi ya Mngoni mmoja, aliyeishi mjini mbali na mila za kwao, isiende kwa mila. Cheti cha ubatizo peke yake hakimalizi swali. Wanataka kujua kama Ukristo ule ulionekana nyumbani.

Nilipolitambua jambo hili nilikaa kimya kitambo. Hakimu, ambaye pengine hata si Mkristo, anauliza swali ambalo sisi tulipaswa kuulizana katika jumuiya: je, Neno la Mungu lilikuwa na nguvu yoyote katika maisha ya mtu huyu?

Kwa hiyo Tume yetu inaombwa, na ninyi viongozi mnaombwa, mambo machache yanayowezekana. Mwenye mali aandike wosia angali hai na akili timamu, mbele ya mashahidi, na anaweza kuukabidhi RITA uhifadhiwe. Kuandika wosia hakuiti kifo, ingawa wazee wetu wengi bado wanaamini hivyo. Jumuiya isiishie kusali rozari ya matanga. Mjumbe wa Haki na Amani aende katika kikao, ikiwa ukoo utamkubali, na kabla ya mazungumzo isomwe Hesabu 27 pamoja na Isaya 10. Mjane na mabinti waketi penye viti, na muhtasari usomwe mbele yao nao watie sahihi. Na katibu wa jumuiya akiombwa kuandika muhtasari ambao mwenye nyumba hakuitwa kuusikia, aiweke kalamu chini. Atachukiwa kidogo. Shemeji hatamsalimu sokoni. Huko vijijini mkumbuke pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kupata ardhi, hivyo mwandishi wa muhtasari wa namna hiyo hana kimbilio hata katika sheria ya nchi.

Nao wajane na mabinti wasidhani kwamba likishatamkwa limekwisha. Mabinti wa Selofehadi waliahidiwa mbele ya Musa, kisha Musa akafa, wakavuka Yordani, vita vikapiganwa, ardhi ikaanza kugawanywa. Katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 17, twawakuta wale wale watano wamekwenda tena kwa kuhani Eleazari na kwa Yoshua, kuwakumbusha lililoamriwa. Siku hiyo ndipo walipopewa mashamba yao, katikati ya ndugu za baba yao.